Hadithi ya Kemunto Niliyoifuata Ekerenyo

Tangu nirudi, kila anayekuja dukani kununua misumari anaegemea kaunta na kuniuliza, "Bosire, ulienda kwenu kufanya nini, na mbona umerudi umenyamaza?" Nimechoka kuanza upya kila mara. Nimeandika. Someni, kisha mnunue misumari.

Mnanijua. Mimi ni Bosire wa Mabati. Niliacha shule darasa la sita, nikaja Lodwar na shati moja, na leo nusu ya mapaa mnayolala chini yake yalipita mikononi mwangu. Tena nimeandika vitabu viwili vya hadithi, na kuna watu wenye digrii hapa mjini ambao hawajaandika hata kimoja. Wamevinunua vyangu, wakavisahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini wamevinunua.

Jambo ambalo si wote mnalijua ni kwamba hadithi zile zilikuwa za mke wangu, Kemunto. Mungu hakutupa watoto, lakini ua wetu haukukosa watoto wa majirani. Aliwakusanya jikoni akawasimulia huku sufuria ikichemka, nami nilikaa sebuleni nikisikiliza kupitia ukuta. Kwetu Ugusii mwanamume hakai jikoni kusikiliza hadithi. Hukaa upande wa pili wa ukuta, ameshika gazeti, na ukurasa haugeuki.

Sasa Kemunto hayupo, huu ni mwaka wa pili. Kitabu cha tatu kiko tayari isipokuwa hadithi moja, ile aliyoipenda kuliko zote, ya Kwamboka aliyechukuliwa na zimwi akafungiwa ng'ambo ya mto. Mwanzo ninao. Katikati ninayo. Kwamboka anatoroka, anafika ukingoni, mto umefurika, anamwona mama yake upande wa pili, anaita. Hapo Kemunto alikuwa akishusha sauti, watoto wakasogea, na ukuta ukaninyima. Nimewauliza watoto wale mmoja mmoja. Mmoja alisema msichana alivuka kwa ngamia, mwingine kwa mtumbwi, mwingine kwa helikopta ya jeshi. Nikaona hapa sipati kitu. Mwisho wa kweli uko kwa aliyemfundisha Kemunto, yaani mama yake, Ekerenyo. Nikawasha lori langu dogo nikaondoka.

Korongoni

Sikufika mbali. Kabla ya kupanda milima ya Pokot mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na korongo ambalo siku nyingine ni mchanga mtupu lilikuwa limejaa maji mekundu, yanabeba magogo. Tukapanga magari, tukakaa. Walikuwepo mama mmoja mwenye mbuzi, vijana wa samaki wa kukausha, na dereva wa lori la saruji, mtu wa Bungoma, mnene, mwenye kicheko. Tulikula samaki wale kwa mikono, na chai ya rangi iliyopikwa juu ya mawe matatu kando ya tairi.

Mimi nikiona watu wamekaa bila kazi siwezi kunyamaza. Nikawapa hadithi ya Kwamboka. Niliisimulia vizuri, sitajificha: mama wa mbuzi aliacha kutafuna. Nikafika ukingoni mwa mto, msichana anaita, nikanyamaza.

"Enhe?" dereva akasema.

"Ninajua mpaka hapo tu."

"Mpaka hapo vipi? Alivuka au hakuvuka?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kuuliza."

Akanitazama, akatazama maji, akanitazama tena. "Si umesema wewe ni mwandishi na unauza mabati? Basi wewe ni fundi wa kuezeka nusu ya nyumba, halafu unamwambia mwenye nyumba alale upande ule uliobaki."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Lakini nilipokuwa nimelala kwenye kiti cha lori nikisubiri maji yapungue, neno lile lilikuwa bado linanichoma. Ningeweza kujitungia mwisho. Nimetunga mingi, na hakuna aliyenishika. Kama ingekuwa hadithi yangu, ningeifunga pale pale kwa zimwi kuliwa na mamba. Lakini kitu kilichobaki cha mtu wako hukiongezei kipande chako. Ukikiongeza, kesho hutajua tena yeye aliishia wapi na wewe ulianzia wapi.

Kisii mjini

Nilifika Kisii nikiwa na vumbi la kaunti nyingi. Ukiingia mji ule kutoka kaskazini unashangaa jinsi watu walivyobanana na bado wanapishana bila kukanyagana, ndizi zimepangwa mpaka mlangoni mwa benki. Nilikula ugali wa wimbi na chinsaga, yale majani machungu yetu yaliyolazwa kwenye maziwa. Kemunto alikuwa akitafuta chinsaga Lodwar kama mtu anayetafuta dawa. Nilikula sahani ya kwanza haraka. Ya pili iliponishinda, mwenye hoteli akaniuliza kama chakula kina kasoro. Nikamwambia hakina, ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Mtu haendi kwa mama mkwe mikono mitupu. Nikaingia duka la nguo nikaomba blanketi zuri. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza ni la nani.

"La mama mkwe."

"Mke yuko wapi, mbona hachagui yeye?"

"Alifariki."

"Pole sana, baba." Akakunja blanketi polepole. "Na una mzee wa kukusindikiza?"

"Nitamchukua baba mdogo Itumbe."

"Vizuri. Umefanya kama mtu aliyelelewa. Wengine huja hivi hivi." Akaniuliza ni kwa nani huko, nikamwambia ni Ekerenyo, nikamtajia na ukoo. Akanifungia blanketi kwa karatasi yenye maua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea. Nikajisemea, Kisii kuna watu wenye utu. Nikaondoka kifua mbele.

Itumbe

Itumbe ndiko kwetu. Ukikaribia, harufu ya chai inayokaushwa kiwandani inakupokea kabla hujaona mtu. Baba mdogo Nyangau nilimkuta amevaa suti, Biblia kwapani, anatoka kanisani. Ilikuwa Jumamosi, Sabato ya Waadventista. Nilikuwa nimesahau, miaka ya Lodwar imenichanganya siku.

"Twende Ekerenyo, baba mdogo."

"Jua likitua."

"Lori liko tayari."

"Lori lako halijabatizwa, mimi nimebatizwa. Kaa."

Nikakaa. Tulikula chakula kilichopikwa Ijumaa, maharagwe na ndizi, kimepoa na bado kitamu. Alasiri nikaenda kwenye kaburi la Kemunto, nyuma ya nyumba yangu, kwenye ukingo wa shamba la chai. Nyumba ile niliijenga ya mawe, ina vyumba vingi kuliko watu. Nilisimama pale. Kitu nilichokikosa kwa wakati ule ni sauti yake ikija kupitia ukuta, mimi nisione mtu, nisikie tu. Watu husema wanakosa uso. Mimi uso ninao kwenye simu.

Baba mdogo alikuja akasimama kando yangu. Nikamweleza ninachokwenda kutafuta. Anasikia kwa sikio moja, na nadhani nilikuwa upande wa lile lingine, maana alitikisa kichwa akasema, "Mwanamume hawezi kukaa peke yake. Umefanya vyema." Nikadhani ananifariji.

Jua lilipotua mvua ikashuka, na barabara yetu mvua ikinyesha ni sabuni. Tukalala, tukaondoka Jumapili.

Nyamira

Nyamira klachi ya lori ilikataa. Fundi aliingia chini ya gari mbele ya ofisi za serikali zilizofungwa, miguu tu ikionekana, akasema ni kazi ndogo, nasi tukakaa pale hadi mchana. Baba mdogo alimaliza kichane kizima cha ndizi akiwasifia wauzaji mmoja mmoja.

Muuza ndizi mmoja akanichunguza. "Wewe ndiye mkwe wa kutoka Lodwar?"

"Nani amekuambia?"

"Dada yangu ana duka la nguo Kisii. Mimi nimeolewa huko Ekerenyo, ni jirani ya wakwe zako. Wanakungoja tangu jana, wamekodi viti."

Nikashtuka, kisha nikajivuna kidogo, kwa nini nikatae. Nikadhani sifa za vitabu vyangu zimenitangulia.

Lakini tulipokaa tena, moyo haukutulia. Wacha niwaambie kwa nini. Mama yake Kemunto hakunitaka. Alikuwa amemchagulia mwalimu, na binti akaja na mtu wa darasa la sita anayekwenda kuuza mabati jangwani. Mwaka ule wa kwanza Kemunto alirudi kumsalimia. Alisimama uani, akaita. Mama yake alikuwa ndani na mlango haukufunguka. Baadaye walipatana, kwa jinsi watu wanavyopatana, simu za sikukuu, salamu za kutumiana. Alikuja kwenye mazishi, akakaa na wanawake, akaondoka. Mimi na yeye hatujawahi kuongea. Na hata tungetaka, kwetu kuna ensoni, heshima ambayo ndani yake kuna aibu: mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani machoni. Nikajiuliza, hivi mimi ninakwenda kuombaje?

Ekerenyo, sebuleni

Viti kweli vilikodiwa. Sebule ilikuwa imejaa wazee, na katikati yao mjomba wa Kemunto, amefunga tai, amekaa wima kama anayepigwa picha. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta. Shemeji yangu Moraa, mdogo wake Kemunto, alituletea soda na mandazi. Alizoea kunitania tangu enzi za uchumba. Siku hiyo aliweka chupa mbele yangu kwa kishindo na hakusema hata pole ya safari.

Baba mdogo, ambaye ndiye alipaswa kuongea, aliongea juu ya mvua. Kisha juu ya bei ya mbolea, kisha juu ya ubatizo. Mwishowe akasema, "Basi, mwana wetu ana jambo lake, nanyi mnalijua," akakaa.

Mjomba akakohoa. "Tunalijua, na tumelizungumza. Zamani lilifanyika na si vibaya. Mtu aliyefiwa akirudi nyumba ile ile, ni heshima kwetu. Lakini Moraa ana watoto wawili, ana cherehani yake sokoni, na tumemuuliza."

"Mmemuuliza nini?" nikasema.

"Kama atakubali."

"Kukubali nini?"

Mjomba akamtazama baba mdogo, baba mdogo akatazama soda. Kutoka jikoni sauti ya Moraa ikapita ukuta: "Kuolewa na wewe, shemeji. Na jibu ni hapana, hata ukiongeza blanketi la pili."

Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua pana jasho. Mzee wa kusindikiza, blanketi la mama, mgane aliyejipanga: nilikuwa nimebeba ishara zote za posa kutoka Kisii hadi pale, nikifurahia kupongezwa njiani. Nikasimama. Nikasema, wazee wangu, sikuja kuoa. Nimekuja kuomba mwisho wa hadithi ya Kwamboka, ile Kemunto aliyofundishwa na mama yake, kwa sababu ninaandika hadithi zake zote na hii ndiyo imebaki.

Kisha jikoni Moraa akaanza kucheka, akacheka mpaka kitu kikaanguka.

"Umetoka Lodwar," mjomba akasema taratibu, "umepanda lori, kwa ajili ya hadithi za watoto."

"Ndiyo, mjomba."

"Na sisi tumekodi viti."

"Viti nitavilipia, mjomba."

"Sijasema habari ya kulipa. Nasema tumekodi viti."

Moraa akaja mlangoni akijifuta macho kwa khanga. Alikuwa tena yule shemeji wangu wa zamani. "Mama amesikia. Anasema hadithi haiambiwi mkwe. Anasema pia mandazi yapo, mle."

Tukala. Sijawahi kula mandazi mazito kama yale. Tulipewa malazi kwa jirani, na nililala nikiwa nimeshajiambia kwamba nitarudi Lodwar na nusu ya nyumba.

Ekerenyo, kwenye chai

Asubuhi Moraa alikuja na kikapu mgongoni na kingine mkononi.

"Shemeji, unajua bado kuchuma chai, au mabati yamekula vidole?"

"Nimezaliwa Itumbe. Nilichuma kabla sijajua kuandika."

"Basi vua hivyo viatu vya mkutano. Mama leo anachuma mstari wa juu. Mimi niko kando yake, mimi ni mtoto wake, anaweza kuniambia anachotaka. Mtu akiwa mstari wa chini, mgongo ameupa mlima, masikio ni yake mwenyewe."

Nikachuma. Umande ulikuwa mwingi, suruali ikalowa hadi magotini. Nyuma yangu nilisikia mikono ya watu wawili ikivunja majani, mmoja wa haraka, huo wa Moraa, na mwingine usiokimbia wala kusimama. Sikugeuka. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza kwa karibu, kwa Ekegusii.

"Moraa, mwambie huyo wa chini achume majani mawili na chipukizi. Anavunja makuukuu, watatukataa kwenye kituo cha chai."

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

Na kwa sauti hiyo hiyo, bila kubadilisha kitu, akaanza. Palikuwa na msichana anaitwa Kwamboka. Nilijua mwanzo wote, na bado nilisimama na chipukizi mkononi, kwa sababu ilikuwa ni sauti ya Kemunto iliyozeeka. Mapumziko yalikuwa yale yale. Kule kuvuta pumzi kabla ya zimwi kuingia ndani. Nilikuwa nimeyasikia miaka yote kupitia ukuta nikidhani ni ya mke wangu, kumbe aliyabeba kutoka mlima huu.

Akafika mtoni. Kwamboka akaita, "Mama, ni mimi." Mama yake akasimama ng'ambo na mtungi. Lakini zimwi lilijua kuiga sauti za watu, na mama aliogopa. Akajiambia, huyo si mwanangu, ni zimwi. Akajitwika mtungi, akaondoka bila kujibu. Kwamboka aliita mpaka akawa ndege, na ndege huyo analia mtoni hadi leo, na hajibiwi.

"Imeisha," mama mkwe akasema.

"Ndivyo ulivyotuambia tukiwa wadogo," Moraa akasema. "Mimi nilikuwa nalia."

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ningesema asante nikashuka. Lakini kitu kilinikaa vibaya, nikawakumbuka watoto wale na ngamia wao na helikopta yao, nikaona nilichokuwa nimekiruka. Nikaongea nikiwa nimelitazama bonde.

"Moraa, mwambie mama kwamba Kemunto hakuisimulia hivyo."

Mkono ule wa polepole ukaacha kuvunja majani.

"Nimewauliza watoto wote. Kila mmoja ana njia yake ya kumvusha msichana, nadhani Kemunto aliwaachia wachague. Lakini kabla ya hapo wote wanasema kitu kimoja, maneno yale yale, nami nikayaona madogo, sikuyaandika. Wanasema mama alitua mtungi. Akasema, 'Hiyo sauti naijua. Ngoja hapo, nakuja.'"

Nilisikia maji ya kijito huko chini, na mtu mbali akiita ng'ombe.

"Muulize," mama mkwe akasema, "aliwaambia hivyo mara moja, au kila mara?"

"Kila mara, mama," nikasema mwenyewe. Nilisahau kupitia kwa Moraa. Hakuna aliyenikemea.

Kisha mkono ukaanza tena, jani, jani, chipukizi.

"Mwambie aandike hiyo. Ya kwangu aiache."

"Amesikia, mama."

"Na wewe Moraa, una watoto." Akajikohoza. "Sikuisema vizuri. Wacha nirudie kuanzia mtoni."

Akarudia. Kwamboka akafika ukingoni, mto umefurika, akaita. Nilikuwa nimeinama juu ya mti wa chai, sikuchuma. Mama yake alikuwa ng'ambo na mtungi, na zimwi lilijua kuiga sauti za watu. Akatua mtungi.

"Hiyo sauti naijua," mama mkwe wangu akasema, kisha akashindwa kuendelea. Tukamngoja, Moraa juu na mimi chini, mpaka akaweza kusema yaliyobaki.